Jefferson, mvinyo wa 1784 na bili aliyoiacha mezani

Kama umewahi kushika ile noti ya dola mbili ya Marekani, ile ambayo watu huiweka kwa pochi kama hirizi na hawaitumii, basi sura ya huyu mzee unaijua. Ni Thomas Jefferson. Shuleni ulifunzwa kwamba ndiye aliyeandika Azimio la Uhuru la Marekani mwaka wa 1776, na kwamba alikuwa rais wa tatu wa nchi hiyo. Sawa, ni kweli. Lakini leo nataka umwone akiwa mezani, glasi mkononi. Huyo ndiye Jefferson ambaye mwalimu hakukuambia: mtu aliyeujua mvinyo mwekundu wa Bordeaux kuliko karibu Wamarekani wote wa enzi yake, na ambaye maisha yake ya kupenda vitu vizuri yaliishia pabaya sana kwa watu ambao hawakuwahi kualikwa kwenye hiyo meza.

Usiogope, sitakuletea mhadhara. Mimi mwenyewe chuo nilikiachia njiani, kwa hivyo twende pole pole.

Jefferson alizaliwa Aprili 13, 1743, huko Virginia, wakati huo ikiwa bado koloni la Uingereza. Babake alikuwa na mashamba na watumwa wa kuyalima, na alikufa kijana akiwa na miaka 14 tu. Jefferson akasoma chuo cha William & Mary, akawa wakili, akaanza kujijengea nyumba juu ya kilima na kuiita Monticello. Mwaka wa 1772 alimwoa mjane mchanga, Martha Wayles. Mwaka uliofuata baba mkwe akafariki na kuwaachia ardhi, watumwa 135 na, sikiza hii, deni kubwa la wafanyabiashara wa Uingereza. Hilo deni liweke akilini. Litazaa.

Martha alikufa Septemba 1782, miezi michache baada ya kujifungua. Jefferson alivunjika kabisa. Alijifungia chumbani kwa wiki kadhaa, akachoma barua walizoandikiana, na hakuoa tena. Kwa hivyo mwaka wa 1784, serikali yake ilipomtaka aende Paris kutafuta mikataba ya biashara, hakukuwa na kitu cha kumzuia nyumbani. Mwaka uliofuata akachukua nafasi ya Benjamin Franklin kama mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa.

Hakusafiri peke yake. Alimchukua bintiye mkubwa, na pia kijana wa miaka 19 aitwaye James Hemings, mtumwa wake, ili akasomee upishi wa Kifaransa. Sasa tulia hapa kidogo. James alikuwa ndugu wa kambo wa marehemu Martha. Baba yao alikuwa mmoja, yule baba mkwe mwenye madeni. Ndiyo, umesoma vizuri. Jefferson alimrithi shemeji yake jinsi mtu anavyorithi meza.

Kabla ya Paris, Jefferson alikuwa akinywa kile ambacho matajiri wa Virginia walikunywa: Madeira, mvinyo mzito ulioongezwa pombe kali ili usiharibike baharini. Ufaransa ilimfungua macho. Lakini alichojua bado kilikuwa cha mezani, cha kumiminiwa na wenyeji wake. Kilichombadilisha kuwa mjuzi ni mkono uliovunjika.

Septemba 1786 alianguka na kuvunja kifundo cha mkono wa kulia. Alianguka vipi? Mwenyewe hakupenda kueleza, na kwa sababu siku zile alikuwa akizunguka jiji na mchoraji mrembo aitwaye Maria Cosway, mke wa mtu, watu wamejaza pengo hilo wanavyotaka. Mkono ulikataa kupona. Madaktari wakamwambia ajaribu maji ya chemchemi ya Aix, kusini mwa Ufaransa. Jamaa akapata kisingizio cha mwaka. Aliondoka Paris Februari 28, 1787, na hakurudi hadi Juni. Maji ya Aix aliyajaribu, hayakusaidia kitu. Lakini katikati ya hiyo safari alipita Burgundy, akashuka bonde la mto Rhône, akavuka milima hadi Italia ambako alitoroka na mbegu za mpunga mfukoni ingawa kuzitoa nje kulikuwa na adhabu ya kifo, kisha akarudi kupitia Bordeaux.

Jinsi alivyosafiri ndiyo inanifurahisha. Hakubeba mtumishi hata mmoja. Mpango wake ulikuwa kukodi mtu mpya katika kila mji mkubwa, ili asiwe na mtu wa kumtangaza kuwa yeye ni mheshimiwa fulani. Alitaka kuongea na wakulima wenyewe. Alimshauri rafiki yake Lafayette afanye vivyo hivyo: aingie kwenye vibanda vya watu, achungulie sufuria zao, ale mkate wao, hata akalie vitanda vyao kujua kama ni vigumu.

Na kweli alichungulia. Huko Burgundy aliona jambo ambalo mtalii wa kawaida hangeliona. Katika vijiji vya Pommard na Volnay, vinavyotengeneza mvinyo mwekundu, vibarua walikuwa wakila mkate mzuri wa ngano. Akifika Meursault, kijiji cha jirani kinachotengeneza mvinyo mweupe, vibarua wanakula mkate wa rai, wa watu maskini. Akauliza kwa nini. Akaambiwa kwamba mvinyo mweupe hukosa ubora mara nyingi zaidi, unabaki ghalani bila mnunuzi, na mwenye shamba anakosa pesa za kuwalisha wafanyakazi wake vizuri. Kwa hivyo huyu si mtu ambaye hakujua kwamba nyuma ya kila glasi kuna mtu anayekula kitu fulani au kulala njaa. Alijua. Aliandika kwenye daftari.

Bordeaux alifika Mei 24 na kukaa siku chache tu. Lakini siku hizo zilimtosha kuandika orodha ambayo wapenzi wa mvinyo bado wanaitazama wakitikisa kichwa. Aliyataja mashamba manne kuwa ya daraja la kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Miaka 68 baadaye, mwaka wa 1855, Ufaransa ilipotoa orodha yake rasmi ya mivinyo ya Bordeaux, waliokaa kileleni kwa upande wa mivinyo myekundu ni hao hao wanne. Orodha hiyo imeongezwa jina moja tu la juu tangu wakati huo, Mouton, mwaka wa 1973. Kusema haki Jefferson hakuota hayo majina usingizini. Wafanyabiashara wa pale walikuwa tayari wanayajua kwa bei. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ya maana na kuandika majibu.

Nikueleze kitu kimoja sasa ili tusiachane njiani. Ule mwaka unaouona kwenye lebo ya chupa hauhusu chupa ilifungwa lini wala itaharibika lini. Ni mwaka ambao zabibu zilichumwa. Shamba ni lile lile, mkulima ni yule yule, lakini mwaka mmoja jua linawaka vizuri hadi zabibu zinaiva na sukari ya kutosha na ngozi inakolea rangi. Mwaka mwingine mvua inakuja wakati wa kuchuma, zabibu zinajaa maji, nyingine zinaoza, na kinachotoka ni kitu chepesi chenye uchachu. Mivinyo miwili ya shamba moja inaweza kuwa kama watoto wa mama mmoja: mmoja fahari ya familia, mwingine matata tupu.

Mtoto wa fahari wa Jefferson alikuwa 1784. Alimtumia shemeji yake Francis Eppes, kule Virginia, chupa 72 za Haut-Brion za mwaka huo, akamweleza kwamba tangu 1779 hakukuwa na mwaka mwingine bora kama huo. Aliisifu pia Margaux ya 1784 kwa marafiki, na bei alizozinakili Bordeaux zinaonyesha soko lilikubaliana naye: 1784 ilikuwa ghali kuliko 1783 na 1785.

Je, alionja nini hasa? Ukinywa mvinyo mwekundu wa Bordeaux ukiwa bado mchanga, ulimi unakauka kama umekunywa chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikasahaulika jikoni. Huo ni ukakasi, na unatoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu. Chupa ikilala miaka kadhaa, sehemu ya huo ukakasi inatulia chini kama mashapo, na kinachobaki juu kinakuwa laini, chenye harufu nyingi zilizojificha mwanzoni. Ndiyo maana watu wanaimimina pole pole, bila kutikisa. Jefferson aliandika kwamba Margaux, Latour na Haut-Brion hazifiki kilele hadi zitimize miaka minne, na Lafite, iliyokuwa nyepesi kidogo, miaka mitatu. Hakuwa mtu wa maneno ya kujionyesha. Miaka mingi baadaye, akieleza ladha za mvinyo, alitumia maneno machache tu: tamu, chachu, kavu, kakasi, na hariri. Hariri kwake ilikuwa ladha kavu iliyodondoshewa utamu kidogo sana, kiasi kwamba ulimi unaugundua kwa shida. Ukitaka kuanza kuonja kitu chochote kwa makini, hata kahawa ya kwenu, hayo maneno matano yanatosha. Hao wanaokwambia wamesikia harufu ya tandiko la farasi waachie Instagram.

Jambo lingine alilolijua ni ujanja wa soko. Wafanyabiashara wa Bordeaux walizoea kuchanganya mvinyo mwekundu wa pale na ule mzito wa Hermitage au wa Uhispania, hasa kwa wateja wa Uingereza waliopenda kitu kizito. Ni kama kununua asali ya porini kando ya barabara na kufika nyumbani ukagundua ni sukari guru. Dawa ya Jefferson ilikuwa rahisi: aliandikia wenye mashamba moja kwa moja, akaomba mvinyo ufungwe kwenye chupa pale pale shambani, na mtu ambaye jina lake lingeharibika kama ungekuwa bandia. Ilichukua hadi miaka ya 1920 ndipo mashamba makubwa ya Bordeaux yakaanza kufanya hivyo kwa mavuno yao yote.

Sasa ona kejeli. Mtu huyu aliyekuwa macho hivyo dhidi ya bandia, jina lake ndilo lililotumiwa kuuza chupa zilizozua mojawapo ya kesi kubwa katika historia ya mvinyo. Desemba 1985, katika mnada wa Christie's jijini London, chupa moja ya Lafite ya 1787 iliyochongwa herufi Th.J. iliuzwa kwa pauni 105,000. Ilinunuliwa na familia ya Forbes. Aliyeileta, Mjerumani Hardy Rodenstock, alisema zilipatikana chupa kadhaa katika sela iliyozibwa kwa ukuta huko Paris. Watafiti wa Monticello walitilia shaka tangu mwanzo, kwa sababu Jefferson aliandika kila senti aliyotumia na mvinyo huo haumo kwenye daftari zake. Tajiri wa Marekani, Bill Koch, aliyenunua chupa nne kwa karibu dola 500,000, aliajiri wapelelezi. Wataalamu wakamwambia zile herufi zilichongwa kwa mashine ya umeme, mfano wa ile ya daktari wa meno. Rodenstock alikana hadi alipokufa mwaka wa 2018.

Na kuna kitu ambacho hakikuhitaji mpelelezi. Jefferson mwenyewe aliandika kwamba mvinyo mwekundu wa Bordeaux huanza kushuka ukifika miaka kama saba: unapoteza rangi, ladha na uzito. Hiyo ya mnada ilikuwa na miaka 198. Mzee angecheka hadi machozi. Ile chupa ya Forbes iliwekwa kwenye maonyesho chini ya taa kali, kizibo kikasinyaa kwa joto, kikatumbukia ndani.

Turudi kwa Jefferson. Aliondoka Ufaransa mwaka wa 1789, mapinduzi yakiwa ndiyo kwanza yameanza. Yule mwenye shamba la Lafite wa wakati huo, Pichard, alikatwa kichwa mwaka wa 1794. Kwenye meli ya kurudi Virginia walikuwepo James Hemings na dadake, Sally, aliyefika Paris miaka miwili mapema akiwa na miaka 14, akimsindikiza binti mdogo wa Jefferson. Ufaransa wangeweza kudai uhuru wao mbele ya sheria. Kwa simulizi aliyoacha Madison, mwana wa Sally, mamake alikubali kurudi baada ya Jefferson kumwahidi kwamba watoto wake wataachwa huru wakifika utu uzima. Uchunguzi wa DNA wa 1998, pamoja na kumbukumbu nyingine, umewafanya wanahistoria wengi kukubali kwamba watoto wa Sally walikuwa wa Jefferson. James naye alipata uhuru wake mwaka wa 1796, baada ya kutimiza sharti: kwanza amfundishe ndugu yake Peter kila kitu alichojifunza jikoni Paris.

Marekani, Jefferson akawa ndiye mtu wa kuulizwa mambo ya mvinyo. Mwaka wa 1790, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliagiza shehena kutoka Ufaransa kwa ajili ya Rais George Washington na yake binafsi. Alipokuwa rais mwenyewe, 1801 hadi 1809, mshahara ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka, na katika miaka hiyo minane alitumia zaidi ya dola 10,000 kwa mvinyo pekee. Hakukuwa na bajeti ya serikali ya kukaribisha wageni. Ilitoka mfukoni mwake, na mfuko ulikuwa na tundu tangu enzi za baba mkwe.

Lakini alijua alichokuwa akinunua. Aliwaalika wabunge wachache wachache, akawaketisha kwenye meza ya duara ili pasiwe na wa juu na wa chini, akapiga marufuku mambo ya kuinua glasi na kutakiana afya kila dakika, na akaacha chakula cha Kifaransa na chupa zifanye kazi ya siasa. Mpishi mkuu alikuwa Mfaransa, Honoré Julien. Chini yake, akijifunza, alikuwepo msichana wa miaka 15 kutoka Monticello aitwaye Edith. Mshahara hakuwa nao. Alipewa bahashishi ya dola mbili kwa mwezi.

Edith alikuwa na mpenzi nyumbani, Joe Fossett, mhunzi wa Monticello, mtumwa pia. Hawakuonana kwa muda mrefu. Mwaka wa 1806 Joe alitoroka. Hakukimbilia kaskazini kutafuta uhuru kama ungetarajia. Alikimbilia Washington, kwenye nyumba ya rais, kwa sababu ndiko Edith alikokuwa. Jefferson aliagiza atafutwe, akakamatwa karibu na nyumba hiyo hiyo, akarudishwa. Ilibidi wangoje hadi bosi amalize muhula wa pili.

Mwaka wa 1809 wote walirudi Monticello. Edith akawa mpishi mkuu. Chumba cha kulia kilikuwa na kitu ambacho wageni walishangaa nacho: ubavuni mwa mahali pa moto kulikuwa na lifti ndogo mbili zilizojificha, zilizoshuka hadi sela iliyokuwa chini. Chupa tupu inateremka, mtumwa aliye gizani anapakia nyingine, chupa iliyojaa inapanda. Mgeni anaona mvinyo unatokea ukutani kama muujiza. Mikono haionekani. Unaweza kusema ni uvumbuzi tu wa mtu mwenye akili, na kweli alikuwa na akili. Mimi nikiitazama picha ya hiyo lifti namkumbuka yule mtu aliyechungulia sufuria za vibarua wa Burgundy.

Alijaribu pia kulima mizabibu yake. Alijaribu kwa miongo kadhaa, na mwaka wa 1807 alipanda aina 24 za Ulaya kwa mpigo. Hakuna ushahidi kwamba alipata hata chupa moja. Mizabibu ya Ulaya ilikuwa haiwezi kustahimili wadudu na magonjwa ya udongo wa Marekani, na sayansi ya kulitatua hilo ilikuja muda mrefu baada yake.

Uzeeni aliziacha zile chupa za bei ya juu. Pesa zilikuwa zimekwisha, na kwa vile alikuwa na ulimi wa kweli, alijua pa kwenda: mivinyo ya kusini mwa Ufaransa na ya Nice, mizuri na ya bei nafuu, iliyopakiwa Marseille. Alipiga kelele pia kwamba ushuru wa mvinyo upunguzwe, akiamini kwamba watu wa kawaida wakipata mvinyo wa bei rahisi wataacha wiski iliyokuwa ikiwamaliza. Mahali penye bei ya pombe nzuri kuwa juu, maskini hubaki na makali. Sidhani unahitaji nikupe mfano wa mtaani.

Deni, lakini, halikupunguzwa na Marseille. Mwaka wa 1815 aliliuzia bunge maktaba yake, vitabu zaidi ya 6,000, kwa dola 23,950. Pesa zikapita kama maji, na akaanza kununua vitabu vingine. Mwaka wa 1818 alimdhamini rafiki mkopo wa dola 20,000. Rafiki akafilisika. Najua unamjua mtu aliyesaini udhamini namna hiyo. Mavuno mabaya, mdororo wa uchumi wa 1819, nyumba isiyoisha kujengwa, wageni wasioisha kula. Kusema mvinyo ndio uliomfilisi itakuwa uongo. Ulikuwa mstari mmoja tu kwenye bili ndefu ya mtu ambaye hakuwahi kuishi kwa kipimo cha mfuko wake, na dhamana ya mikopo yote hiyo, pamoja na ardhi, ilikuwa watu. Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600.

Alikufa Julai 4, 1826, miaka 50 kamili tangu lile Azimio linalosema watu wote ni sawa. Aliacha deni la zaidi ya dola 107,000. Katika wosia wake aliwaacha huru wanaume watano, wote wa ukoo wa Hemings. Mmoja wao alikuwa Joe Fossett, yule mhunzi. Mkewe Edith hakuwa kwenye wosia. Watoto wao pia hawakuwa.

Januari 1827, kwenye baridi, Monticello ikafanyiwa mnada. Samani, ng'ombe, vyombo vya jikoni na watu 130. Joe alikuwa bado anangoja uhuru wake, kwa sababu wosia ulimpa mwaka mmoja baada ya kifo cha Jefferson. Mkewe na watoto wao wakauzwa kwa wanunuzi tofauti. Mwanawe Peter alikuwa na miaka 11.

Joe alikuwa na karakana na mikono yake. Alifua chuma, na hatimaye akawakomboa Edith na baadhi ya watoto. Baadaye wakahamia Cincinnati, Ohio, ambako utumwa haukuruhusiwa. Peter alibaki nyuma kwa sababu aliyemnunua alikataa kumwachilia. Alijifunza kusoma kwa siri, akajaribu kutoroka mara mbili na kukamatwa. Alipata uhuru mnamo 1850 na kuwafuata wazazi wake.

Huko Cincinnati Peter Fossett alijulikana kwa kazi mbili. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na alikuwa na biashara ya upishi wa karamu za matajiri. Upishi ulikuwa wa ukoo: mamake aliusomea kwenye nyumba ya rais. Mwaka wa 1900, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, alisafiri kurudi Virginia, akapanda kile kilima, akaingia Monticello kama mgeni. Alifariki mwaka uliofuata.